Taulo la Gramu Mia Tatu na Kumi

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele, wewe ukiuliza "nani?" na mimi nikijibu "ni mimi, mwanao," mpaka salio linakwisha. Kwenye barua angalau huwezi kusingizia sikio.

Mimba imetimiza miezi saba. Baba Gramu bado yuko kwenye ujenzi wa barabara na greda lake, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo maandalizi ni yangu na Gramu, ambaye ana miaka mitano na anajiona mkandarasi. Kazini ni zile zile ramani za viwanja, ila tumbo sasa linafika mezani kabla yangu. Jana nilifuta mpaka wa kiwanja cha mtu kwa tumbo, wino ukiwa haujakauka.

Mimba ya kwanza unakumbuka nilivyonunua kila kitu, hadi ile taa inayoimba. Safari hii nataka vya lazima tu, na vingi viko kwenye stoo yako. Naomba Shangazi akusaidie kuvitoa: kitanda cha mbao chenye fito, kama mchwa hawajakiwahi, chandarua chake, beseni la kuogea, nepi za kitambaa, zile nzito, chupa zote sita na sufuria ya kuchemshia. Kigari cha kusukuma kibaki huko, ngazi za hapa ni arobaini na mbili.

Mizani usiitume. Najua uliitoa kwa moyo mweupe, lakini sitaki kuiona tena. Na safari hii naanza na maziwa ya kopo siku ile ile ya kwanza. Sina haja ya kuambiwa mara mbili kwamba yangu hayatoshi.

Unaendeleaje na moyo? Usinijibu "vizuri" kama kawaida yako.

Binti yako

*

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Moyo unafanya kazi kama karani anayesubiri kustaafu: anafika, anakaa, anapumzika, anakumbuka alichojia. Miguu imevimba. Shangazi yako amehamia hapa moja kwa moja na amepanga vyombo vyangu upya, hivyo sasa siwezi kupata kijiko bila kuomba ruhusa.

Tumefungua stoo. Kitanda kizima, fito mbili tu zimelegea. Fundi wa mtaa wa pili amezigundisha. Chandarua kimetoboka, nunua kipya, hicho usibane matumizi. Beseni lipo. Nepi zipo ishirini na moja, Shangazi amezichemsha zote na kuzianika hadi jirani akauliza kama tumefungua hospitali. Kuhusu kigari nakuunga mkono. Chukua mbeleko mbili, moja ya kubebea na moja ya kufuliwa, mgongo wako utafika popote ambapo gurudumu halifiki.

Chupa naona mbili zinatosha. Hata moja. Nunua baadaye ukiona haja. Mtu haanzi safari kwa kubeba magongo wakati miguu yake hajaijaribu. Mwanamke wa mara ya pili mwili wake unakuwa umeshajifunza, nimesikia hivyo kwa watu wanaojua. Lifikirie.

Mizani tutazungumza siku nyingine.

Mwambie Gramu babu yake anauliza kama ule ukandarasi una nafasi ya mlinzi.

Baba yako

*

19 Februari

Baba,

Nimeisoma barua yako nikacheka, nilipofika kwenye chupa nikaacha kucheka.

Wewe ni mwanamume mwenye miaka themanini na mbili, mkaguzi wa mizani na vipimo uliyestaafu. Tangu lini unanifundisha kunyonyesha? Magongo na miguu. Miguu nimeshaijaribu, Baba. Ulikuwepo.

Nilipima kila Jumatatu na kila Alhamisi, kama ulivyonielekeza. Mtoto alizaliwa na gramu elfu tatu na mia mbili. Siku ya kumi na nne, wakati ambapo watoto wote wanakuwa wamerudisha uzito wa kuzaliwa, yeye alikuwa na elfu mbili mia tisa na arobaini. Nilimnyonyesha mpaka chuchu zikatoka damu. Mama mkwe alisimama mlangoni akasema, "Kifua ni cha kuonyesha tu hicho." Usiku ule ndipo tulipofungua kopo, nami nililia kwenye beseni la nepi nisisikike. Shangazi akaja, akambeba, akasema "huyu ni gramu tu huyu," na jina likaganda.

Maziwa ya kopo yalimwokoa mwanangu na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mwili wangu, nao tumeshamalizana. Nakuomba usinipe matumaini nisiyoyahitaji. Tuma chupa sita.

Mama Gramu

*

2 Machi

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Juzi daktari hakunipa tarehe ya kurudi. Amenishika mkono, akaniuliza kama nina jambo la kuweka sawa. Nikasema ninalo moja.

Maziwa yako yalitosha. Hayakupungua hata siku moja. Kosa lilikuwa langu, nami nimelijua kwa miaka mitano.

Nisome polepole. Wiki ile kabla hujajifungua nilikuandalia vitu viwili: mizani ya mshale na taulo la kumfungia mtoto asipate baridi. Unajua mazoea yangu. Kila chombo kilichopita mikononi mwangu nilikiandika uzito wake, na ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikutuma dukani na kibakuli huku nikikufundisha wimbo mmoja tu: toa chombo, ndipo uhesabu kitu. Basi siku ya Jumatatu nilipima taulo, nikaandika kwenye pindo kwa wino usiofutika: 310.

Alhamisi nikafikiri upya. Nikajiambia, huyu atakuwa hajalala, hesabu za kutoa za nini? Nikaweka taulo juu ya sahani ya mizani, nikageuza skrubu ya chini mpaka mshale ukasoma sifuri likiwa pale pale. Nilifurahi sana. Mizani ingejitolea taulo yenyewe.

Nikasahau kuwa nimeshaandika kwenye pindo. Na wewe, mwanangu uliyefundishwa vizuri, uliona 310 ukaitoa tena. Kila mara. Ile mizani ina pini inayouzuia mshale usirudi nyuma ya sifuri, kwa hiyo ikiwa tupu ilionekana sahihi kabisa. Siku ya kumi na nne mtoto hakuwa na elfu mbili mia tisa na arobaini. Alikuwa na elfu tatu, mia mbili na hamsini. Alikuwa ameshapita uzito wa kuzaliwa. Maziwa yako peke yake yalimpitisha.

Utauliza nilijua lini. Wiki ya sita uliniandikia: "Jana nyumbani elfu tatu mia tisa na hamsini, leo kliniki elfu nne mia mbili na sitini. Mizani yao imechakaa, Baba, mimi naamini yako." Nilitoa namba moja kwenye nyingine. Nikapata mia tatu na kumi. Nilikaa na karatasi ile mpaka uji wangu ukaganda.

Nilipanda basi nikaja kwako. Unakumbuka ule ujio wa ghafla, nikiwa na ndizi? Ulipoingia kuoga niligeuza skrubu kuirudisha mahali pake. Kesho yake ukapima, ukaniita kutoka chumbani: "Baba, njoo uone, kopo limefanya maajabu." Uso wako ulikuwa umechoka, unang'aa. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Nikasema, "Hongera."

Sasa unaandaa kuzaa tena, na orodha yako ya vitu vya lazima inaanza na uongo wangu. Ndiyo maana nilikubania chupa. Nilitaka upate ukweli bila mimi kuusema.

Natuma vyote ulivyoomba, na chupa zote sita, kwa sababu uamuzi ni wako na hakuna aibu ndani ya chupa. Natuma pia mizani, ingawa umeikataa, na taulo lake, na jiwe langu la shaba la kilo moja nililopewa siku ya kustaafu. Usiniamini mimi. Liweke jiwe juu ya sahani uone mwenyewe. Na taulo lipime upya. Limefuliwa miaka mitano, namba ya pindoni si ya kweli tena.

Baba yako

*

24 Machi

Mama Gramu, mwanangu,

Ni Shangazi. Mizigo imeondoka na lori la mbao tarehe tano na dereva ameapa amekukabidhi wewe mwenyewe mlangoni. Wiki tatu sasa hujaandika, na simu yako inaita tu.

Sikuandikii kumtetea. Aliponiambia, nilimnyima chai siku mbili. Mimi ndiye niliyempa mtoto lile jina, na kumbe nilikuwa namtania mtoto wa watu mwenye afya yake. Nilimwambia, "Kaka, miaka thelathini na minne unafungia watu maduka kwa sababu ya gramu kumi, wewe umekalia mia tatu?" Aligeukia ukutani.

Lakini nikueleze ninachokiona. Kila saa nne tarishi anapopita, ananiambia nimwinue kwenye mto. Tarishi akishapita, anasema, "Mlaze huyu mzee." Anajisema mwenyewe kama mtu mwingine. Uvimbe wa mguu wa kushoto haupungui tena.

Kama ni kumtukana, mtukane, karatasi inabeba. Ila usimwache hivi. Na kula vizuri. Kifua chako hakina kosa, sasa sote tunajua.

Shangazi yako

*

1 Aprili

Baba,

Mizani ilikaa kwenye korido siku ishirini na nne, imefunikwa. Gramu alikuwa anairuka akienda shule.

Juzi niliiweka mezani. Nimeweka jiwe lako: kilo moja kamili. Nikaweka pakiti ya sukari: kilo moja na gramu sita za karatasi. Nikaweka jiwe tena. Kisha nikafungua daftari la zamani la Gramu na kalamu nyekundu, nikaongeza mia tatu na kumi kwenye kila mstari, wiki sita zote. Ni mtoto mwingine kabisa, Baba. Mnene, mwenye furaha, ana mama anayejua kazi yake. Nimewalilia watu hao wawili ambao sikuwahi kukutana nao.

Kukosea nakuelewa. Ofisini tunakosea mipaka, tunaita watu, tunachora upya. Kitu kimoja tu sielewi. Ulisimama mlangoni pangu ukaniambia hongera. Kwa nini?

Usinijibu kwa utani.

Mama Gramu

*

8 Aprili

Mwanangu,

Bila utani.

Niliogopa kwamba ningekuwa mkaguzi aliyeharibu mizani ya binti yake. Jina langu lilikuwa limepigwa muhuri kwenye kila duka la mji huu, nami nilikuwa nimezeeka, sikuwa na kitu kingine cha kukuachia zaidi ya kwamba baba yako hakosei. Nilichagua heshima yangu, nikaiweka juu ya mwili wako. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Baada ya mwezi ulikuwa umeshazoea kopo, nikajiambia hakuna faida. Baada ya mwaka nikajiambia umesahau. Ilikuwa rahisi kila mara, na hilo ndilo linalonitia aibu.

Sina zaidi ya hayo. Hulazimiki kunisamehe kwa sababu ninakufa. Hiyo nayo ingekuwa kutoa taulo mara mbili.

Baba yako

*

3 Mei

Baba,

Ni mvulana. Amefika tarehe kumi na saba Aprili, asubuhi, gramu elfu tatu mia tatu na hamsini kwa mizani ya hospitali. Baba Gramu alifika saa mbili baadaye na vumbi lake, muuguzi akamtuma bombani kwanza kabla hajamgusa mtu.

Sikiliza namba, maana najua hizo ndizo unazosubiri.

Nilijipa moyo nikaanza na kifua. Chupa niliziacha jikoni ndani ya boksi, na kamba yake. Siku ya nne: elfu tatu, mia moja na kumi. Nikaangalia lile boksi. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenipa nambari yake ya simu, nikampigia, akasema, "Mama, kila mtoto hushuka siku hizo, mnyonyeshe unipigie Jumatatu." Nikamnyonyesha. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka kikaacha alama mgongoni. Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni pale pale alipokuwa amesimama safari ile. Nikamwambia, "Mama, karibu ukae, au sogea kidogo, unaniziba mwanga." Akakaa. Jioni akanipikia uji.

Siku ya nane: elfu tatu, mia mbili na thelathini.

Siku ya kumi na moja nilimweka, mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia. Kabla sijahesabu nikasikia sauti kutoka chini ya meza: "Mama, toa taulo." Nilikuwa nimemfundisha Gramu wimbo wako. Taulo nimelipima upya kama ulivyosema, limeisha hadi mia mbili na sitini na tano. Ile namba ya pindoni nimeikata kwa mkasi. Nikatoa, mara moja, kwenye karatasi, kisha nikamwomba Baba Gramu atoe yeye, kisha nikamwita jirani mwalimu wa hesabu kutoka ghorofa ya chini akiwa na sabuni ya kunyolea usoni.

Elfu tatu, mia tatu na themanini. Amepita, Baba. Siku ya kumi na moja. Jana amefika elfu tatu, mia tano na ishirini. Maziwa ni mengi hadi nagawa: mwanamke wa kitanda cha jirani hospitalini alijifungua mapacha, muuguzi akaniuliza kama naweza kusaidia, nami nikasema naweza. Mimi. Fikiria hilo.

Boksi la chupa bado lina kamba yake. Siku ya kurudi ofisini nitalifungua bila kulia, kwa sababu nitakuwa nimelichagua.

Gramu anasema jina lake apewe mdogo wake, yeye kuanzia leo ni Kilo. Analala na jiwe lako la shaba chini ya mto.

Hasira bado ninayo. Ipo jikoni, naiona ninapochemsha maji, inapungua na mvuke. Lakini ungeweza kufa ukiwa baba asiyekosea, nami ningemlisha huyu mtoto kwa woga. Ulichagua lingine. Nilitaka ulijue hilo kabla ya jambo lolote.

Shikamoo, Baba.

Binti yako

*

10 Mei

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, mistari michache kwa siku, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda kilima usishangae.

Shangazi yako alinisomea barua yako nikiwa nimeinuliwa kwenye mto. Alipofika elfu tatu mia tatu na themanini nikamsimamisha.

"Taulo ametoa?"

"Ametoa."

"Mara ngapi?"

Akaniangalia, kisha akaanza kucheka mpaka miwani ikamdondoka, nami nikacheka mpaka nikakohoa, na tarishi, ambaye alikuwa bado yuko dirishani anasubiri kujua habari, akacheka bila kujua kwa nini. Tumemwambia. Sasa mtaa mzima unajua kosa la mkaguzi. Muuza duka wa kona, yule niliyemfungia mwaka mmoja kwa gramu kumi na mbili, amekuja kunitazama na machungwa. Ameyapima mbele yangu. Yalikuwa sawa.

Sikutegemea kama ingekuwa nyepesi hivi kuwa mtu aliyekosea. Ningejua, ningekosea hadharani mapema.

Mizani ukimaliza mpe yule mama wa mapacha. Skrubu usiiguse, na pindoni usiandike kitu. Jiwe ni la Kilo.

Kwa miaka thelathini na minne, kila nilipoinuka kutoka kwenye mizani ya mtu, niliandika maneno yale yale kwenye cheti na kuweka sahihi. Nimeyaandika maelfu ya mara, kwa wauza nyama, wauza pamba, wauza dhahabu. Hayajawahi kunifurahisha kama leo. Yanakuhusu wewe na zile wiki sita za kwanza, na hizi zote zilizofuata:

Nimekagua. Nimeona ni sahihi.

Baba yako